Kipande cha udi cha bibi: kinafaa kuchongwa muhuri wa kusajiliwa Japani?

MwanaUnguja aliuliza:

Assalaam alaykum ndugu zangu. Ninaishi Nagoya, Japani, na mwezi ujao mimi na mume wangu tunatarajia kukamilisha mkataba wa kununua nyumba. Wakala ametueleza kwamba kila mmoja wetu anahitaji jitsuin, yaani muhuri wa jina uliosajiliwa katika ofisi ya manispaa, ambao chapa yake hulinganishwa na ile iliyomo katika cheti cha usajili. Mihuri mingi niliyoiona madukani ni ya pembe ya nyati au ya mti mgumu wa rangi ya manjano unaoitwa tsuge.

Mimi ninacho kipande cha udi, urefu wa kidole cha kati na unene wa vidole viwili, ambacho bibi yangu alinipa nilipokuwa ninaondoka Unguja. Ni udi wa mti wenyewe, si ule uliopikwa kwa sukari na manukato, na tangu siku hiyo kimekaa katika sanduku la nguo bila kutiwa chetezoni. Ninatamani sana jina langu lichongwe humo. Rafiki yangu kutoka Taiwan ameniambia kwamba kwao mihuri ya udi na ya sandali inathaminiwa. Je, udi unastahimili herufi ndogo? Je, mafuta yake hayataharibu chapa? Na je, manispaa itaukubali?

FundiPatasi alijibu:

Wa alaykumu salaam, dada. Nilijifunza kuchonga mihuri katika karakana moja ya Taichung, Taiwan, kwa hiyo niruhusu nianze na mti wenyewe. Mti wa udi ukiwa mzima ni mwepesi, mweupe na hauna harufu. Utomvu mweusi tunaoupenda hutokea pale tu mti unapojeruhiwa na kuingiliwa na kuvu, nao hujikinga kwa kujaza utomvu katika sehemu iliyoumia. Ndiyo maana hata kipande kizuri kina michirizi migumu iliyoshiba utomvu, na kando kabisa ya michirizi hiyo kuna nyuzi laini zinazobonyea kwa ukucha. Kisu kinapotoka kwenye ugumu na kuingia kwenye ulaini huchimba zaidi ya mkono ulivyokusudia, na ukuta wa herufi humomonyoka. Muhuri wa kusajiliwa huwa na kipenyo cha milimita 13.5, 15 au 18 hivi, na ndani yake jina hupangwa kwa mistari myembamba iliyogeuzwa kama inavyoonekana kwenye kioo, kwa hiyo kosa dogo halina pa kufichwa.

Udi ulioshiba kiasi cha kuzama majini huchongeka vizuri zaidi. Hata hivyo, wengi wanaoumiliki huko Taiwan na China huutengenezea mihuri ya kupiga kwenye maandiko ya kaligrafia na michoro, ambako ukingo uliolika kidogo huhesabiwa kuwa sehemu ya uzuri. Kwenye hati ya nyumba ukingo huo ni hasara, kwa kuwa chapa ya leo lazima ilingane na chapa iliyosajiliwa, hata baada ya miaka 20.

Sandali haiko hivyo. Kiini chake kina nyuzi zilizoshikana na zinazolingana, kisu hupita humo bila kushtuka, na harufu yake hudumu miaka mingi kwa sababu mafuta yamo ndani ya kiini chenyewe. Kati ya mihuri 25 ya enzi ambayo Kaizari Qianlong wa nasaba ya Qing ya China aliiweka rasmi mwaka 1746, iliyo mingi ni ya jiwe la jedi, lakini mmojawapo ni wa sandali. Nikitaja jambo hili wateja hudhani ninawauzia sifa, lakini mimi nalitaja kwa sababu linaonyesha kwamba mti huu uliaminiwa kwa kazi nzito ya serikali.

Kuhusu mafuta, usiwe na wasiwasi. Yaliyomo katika mti ni machache na hayachafui chapa. Kinachoharibu mihuri ya mbao ni mafuta ya wino mwekundu, ule wa zinjifuri, yanapoachwa yakajipenyeza katika mistari. Ufute uso wa muhuri kwa kitambaa laini kila baada ya kuutumia, uuweke katika kibweta chake, na usiuache juani wala karibu na hita, kwa kuwa mbao ikikauka ghafla hupasuka.

AfisaMisitu alijibu:

Ningependa kuongeza upande wa sheria, ambao wanunuzi wengi huukumbuka wakiwa tayari uwanja wa ndege. Miti yote ya jenasi ya Aquilaria, inayotoa udi, imo tangu 2005 katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Msafiri anaruhusiwa kubeba vipande vya udi visivyozidi kilo moja kwa matumizi yake mwenyewe bila kibali cha mkataba huo, lakini nchi inaweza kuwa na masharti makali zaidi, kwa hiyo uulize kabla ya kusafiri nacho tena.

Sandali ya kweli, Santalum album, haimo katika orodha hiyo, ingawa India hudhibiti vikali uuzaji wake nje. Hivi sasa mashamba makubwa yako Australia. Ninaomba sana msinunue msandali wa Afrika Mashariki, Osyris lanceolata, ambao mti wake hung'olewa pamoja na mizizi kwa sababu mafuta yamo humo pia, hata usiweze kuchipua tena. Umelindwa na CITES tangu 2013. Tumekwisha kuona pembe za ndovu wetu zikimalizikia katika mihuri ya Japani, na sitaki kuona misandali yetu ikifuata njia hiyohiyo.

MwanaUnguja alijibu:

Nawashukuru kwa dhati. Nimekipima kipande cha bibi katika bakuli la maji, nacho kinaelea. Nimeamua kisikatwe. Nitachonga jitsuin kwa sandali, na udi utabaki sandukuni. Swali moja limebaki: jina langu si la Kijapani, liandikwe vipi?

FundiPatasi alijibu:

Umeamua vyema, dada. Kuhusu jina, nenda manispaa kwanza, kabla ya kumlipa mchongaji hata yeni moja. Jina la muhuri lazima lilingane na jina lililomo katika rekodi yako ya ukaazi. Ukitaka herufi za katakana, zile ambazo Wajapani huandikia majina ya kigeni, tahajia hiyo iwe imeandikwa humo. Vinginevyo tumia herufi za Kirumi kama zilivyo. Chapa isiwe ndogo kiasi cha kuenea ndani ya mraba wenye upande wa milimita 8, wala isizidi mraba wenye upande wa milimita 25, na ukingo usiwe umevunjika. Aina ya mti hawaiulizi, ila mpira na kitu chochote kinachobadilika umbo hukataliwa. Omba nakala ya rekodi hiyo umpelekee mchongaji, na kabla hajashika kisu akuonyeshe mchoro wa jina kwenye karatasi, ulisome herufi kwa herufi.