Vitamini kwenye dripu ya lishe ya mtoto: ziingizwe saa ngapi?

Nesi wa Wadi ya Watoto, Mbeya

Habari zenu wadau. Tuna mtoto wa miezi minne aliyekatwa sehemu kubwa ya utumbo baada ya kujisokota. Kwa sasa kila anachokula kinapita mshipani. Mfuko wake unachanganywa asubuhi, vitamini na madini humohumo, halafu tunautundika jioni uende mpaka jioni ya kesho yake. Kitanda kiko dirishani, na mnaujua mwezi wa nane wa huku: baridi kali, lakini jua likitoka linachoma macho. Mama yake ndiye aliyenishtua: "Nesi, jana maji yalikuwa ya njano, mbona kwenye mpira yamepauka?" Nikatazama, kweli. Kuna wanaosema vitamini zinazoyeyuka kwenye maji hazina shida. Je, mtoto anapata nini hasa? Na tukiongeza dozi tutafidia?

Mfamasia, Iringa

Dada, mshukuru sana huyo mama. Ile njano ni riboflavini, B2, na mwanga ndio adui yake. Kwenye mpira inapauka upesi kwa sababu maji ni membamba na yanakwenda taratibu, kwa hiyo mwanga unayapitia yote. Ikipigwa na mwanga haipotei kimyakimya: inachochea peroksidi, kemikali zinazodhuru seli, kutengenezeka humohumo kwenye lishe, na mwili wa mtoto mdogo, hasa njiti, hauna nguvu ya kupambana nazo. Ndiyo maana mwaka 2019 Shirika la Dawa la Ulaya lilielekeza kwamba kwa watoto wa chini ya miaka 2 mfuko na mpira vyote vikingwe mwanga.

Vitamini C shida yake nyingine: hewa. Inaliwa na oksijeni iliyobaki ndani ya mfuko na ile inayopenya kwenye plastiki, na shaba iliyomo kwenye madini inaharakisha kazi. Sehemu kubwa inaweza kuondoka saa za mwanzo kabisa, kabla ninyi hamjautundika. Kwa hiyo kuongeza dozi sikushauri. Vitamini C ikivunjika mwisho wake ni oksaleti, nayo ikikutana na kalsiamu huganda.

Vitamini ziwe kitu cha mwisho kuingia, karibu na saa ya kutundika, hewa ikamuliwe yote. Lakini zisichomwe pale kitandani! Kazi hiyo ifanywe famasi, kwenye kabati la hewa safi. Ratiba ya famasi ndiyo isogezwe iwe alasiri. Najua ni vita, ila pigania.

Muuguzi wa njiti, Njombe

Naongezea ya mkono. Sisi tunavalisha mfuko gauni la foili, lebo tunaibandika juu yake isomeke bila kufunua. Mpira nao tunauzungushia foili mpaka karibu na mkono wa mtoto. Wengi wanaishia kwenye mfuko tu. Na mkiwa na mtoto mwenye manjano chini ya zile taa za bluu, ongezeni umakini, maana mwanga wa bluu ndio unaoimaliza riboflavini haraka zaidi.

Nesi wa Wadi ya Watoto, Mbeya

Asanteni sana. Foili tumeanza usiku huuhuu. Mfamasia, je, B1? Stoo inakaribia kuishiwa.

Mfamasia, Iringa

Hapo ndipo naogopa kuliko kote. Thiamini, yaani hiyo B1, ina tatizo lake la kuvunjwa na salfaiti, kihifadhi kilichomo kwenye baadhi ya maji ya amino asidi. Soma lebo ya chupa. Lakini kukosekana kabisa ndiko kunakoua. Mtoto huyo analishwa glukosi nyingi, na bila thiamini mwili hauwezi kuichoma sawasawa; asidi ya laktiki inajaa kwenye damu. Mwaka 1997 vitamini za mishipani zilipoadimika Marekani, wagonjwa waliokuwa wakilishwa mshipani bila thiamini walipatwa na hali hiyohiyo. Akiba ya mwilini ni ya wiki chache tu, na kwa kichanga ni ndogo zaidi. Ukiona anahema haraka, anatapika, asidi ya damu haishuki hata akipewa bikaboneti, mwite daktari hapohapo. Na msingoje stoo iishe: kesho asubuhi daktari aandike thiamini ya sindano peke yake, iwe tayari wadini.