Thamostati nzima, lakini joto la mashine ya kutotoleshea mayai halitulii

MfugajiMafinga: Wanajukwaa, habari za leo. Nimejitengenezea mashine ya mayai 60 kwa sanduku la mbao, na thamostati nimeiweka kwenye nyuzi 37.5, lakini usiku kwa baridi hii ya Juni kipimajoto kwenye trei hushuka hadi 36, kisha hupanda kupita 39. Nilidhani balbu ya wati 60 inazidiwa, nikaweka ya wati 100, hali ikawa mbaya zaidi: awamu iliyopita nimepata vifaranga 19 tu. Je, thamostati haitambui kwamba nje kuna baridi?

FundiUyole: Pole sana, ndugu. Thamostati haina habari na baridi ya nje. Inachokijua ni joto la pale tu sensa yake ilipo. Likipungua huwasha balbu, likitimia huizima, na matokeo ya kuwasha huko huirudia kupitia hewa. Huo ndio mrejesho. Nahisi wako unachelewa. Je, sensa umeibana kwenye ubao? Ubao hupata joto polepole na kupoa polepole, kwa hiyo hadi sensa ihisi 37.5 mayai yameshapita 39, na hadi ihisi baridi mayai yameshapoa. Balbu kubwa humwaga joto jingi zaidi katika muda uleule wa kuchelewa. Ining'inize sensa hewani, usawa wa mayai, uweke na feni ndogo. Hata hivyo joto halitasimama nukta moja, kwa sababu lazima pawe na pengo dogo kati ya kuwasha na kuzima, la sivyo rilei (swichi ya ndani inayowasha na kuzima balbu) itagonga mfululizo hadi iungue. (Kipimajoto kihakiki kwa barafu inayoyeyuka, si kwa maji ya moto, kwa mwinuko wa Mafinga maji huchemka kabla ya nyuzi 100.)

MsagajiMbalizi: Naafiki. Gavana, yaani kidhibiti mwendo, ya injini yangu ya kusagia hufanya kazi hiyohiyo: mahindi yakizidi mwendo hupungua, vyuma vyake vinavyozunguka husogea katikati na dizeli huongezwa, mzigo ukipungua hutanuka na kuibana. James Watt aliifunga ya namna hiyo kwenye injini ya mvuke mwaka 1788. Yangu iliwahi kupandisha na kushusha mlio kutwa nzima, fundi akataka tununue pampu mpya, kumbe kijiti cha gavana kilikuwa kizito kwa grisi iliyoshikana na pumba. Kilipooshwa kwa mafuta ya taa, injini ikatulia.

MfugajiMafinga: Ahsanteni. Sensa kweli nilikuwa nimeipigilia ubaoni. Nimeining'iniza, nimerudisha wati 60 na kufunga feni ya kompyuta chakavu. Tangu juzi joto linacheza kati ya 37.2 na 37.9. Mayai mapya yana siku ya tatu leo, hivyo nitarudi kuwaambia baada ya siku 18.