Wakuu, matundu ya altimita kwenye roketi yawe mangapi? Jumamosi narusha

Kijana wa Mbozi: Heshima kwenu wakuu. Niko Kansas kimasomo. Jumamosi tunakwenda Argonia, kwenye mashamba ya ngano, natafuta cheti cha ngazi ya pili cha kurusha roketi za burudani, kwa mota ya daraja J. Bomba ni fibaglasi, kipenyo milimita 98. Chumba cha elektroniki kina altimita moja (kile kifaa cha kupima kimo kinachofyatua parachuti), betri ya volti 9 na vizibo viwili vya plaiwudi. Matundu ya hewa nitoboe mangapi? Nimetoboa moja. Usingizi sina siku ya pili.

Mama Kariakoo: Mwanangu, wazazi waliuza nini ukafika huko? Soma!

Fundi Masafa: Moja halitoshi. Altimita inapima mgandamizo wa hewa. Upepo ukilipiga tundu hilo moja, inasoma uongo na inaweza kufyatua parachuti kabla ya kilele. Toboa matatu yanayolingana, nyuzi 120 kutoka moja hadi jingine, kingo uzisugue zisibaki na vinyweleo. Betri umeikazaje? Na swichi iko wapi?

Kijana wa Mbozi: Matatu, nimekupata mkuu. Betri nimeibana kwa kebo tai, vichwa vyake chini.

Mwana Ngomeni: Roketi kwetu Malindi si habari. Tarehe 12 Desemba 1970 Waitaliano waliirusha setilaiti ya Wamarekani, ikaitwa Uhuru, kutoka jukwaa la San Marco huko baharini. Marehemu babu alikuwa mvuvi. Kila akirudi na mtego mtupu alisema ni wale Waitaliano, hata miaka ishirini baadaye.

Fundi Masafa: Swichi, kijana. Umeliruka swali.

Kijana wa Mbozi: Swichi sijaweka. Ijumaa usiku naweka baruti ya kutoa parachuti, naunganisha betri, nafunga kila kitu, asubuhi tunapakia kwenye gari. Altimita haifyatui mpaka ihisi imepaa, nimesoma. Halafu kizibo cha chini nimeshakigandisha kwa epoksi, siwezi kubomoa.

Fundi Masafa: Kumbe ulikuja kuuliza matundu! Utapakata baruti hai, mlango wa gari unabamizwa, hewa ya ndani inashtuka, wewe unaitegemea programu ikulinde? Baruti huwekwa uwanjani. Altimita huwashwa roketi ikiwa imesimama kwenye reli ya kurushia, watu wako mbali, unasikiliza milio yake kujua nyaya zimeshika. Ofisa wa usalama akikosa kuona swichi atakurudisha na roketi yako kwapani.

Kijana wa Mbozi: Anayeendesha ni Mkorea, mtaratibu sana.

Dogo Janja 88: Huyo Mkorea ana bima?

Mpekuzi: Chai. Nimepitia nyuzi zake. Mwezi wa tatu alikuwa Tunduma anauza vipuri vya malori, anaomba ushauri wa kuongeza mke wa pili. Leo yuko Kansas na baruti.

Kijana wa Mbozi: Akaunti tunatumia wawili na kaka. Mke wa pili ni mambo yake.

Dogo Janja 88: Aliongeza? Ule uzi uliishia patamu.

Mama Kariakoo: Na mke mkubwa alikubali?

Kijana wa Mbozi: Jamani, Jumamosi ni keshokutwa.

Fundi Masafa: Nikuulize moja tu. Ulipokata fibaglasi ulijisikiaje?

Kijana wa Mbozi: Nilivaa barakoa nikailowesha maji, lakini mikono iliwasha siku tatu. Hata shuka nimefua mara mbili.

Fundi Masafa: Huyu kakata kweli. Mpekuzi, muache.

Mpekuzi: Mtu anaweza kukata fibaglasi akiwa Tunduma.

Kijana wa Mbozi: Haya. Kizibo cha juu kinafunguka, nitapitishia swichi hapo, niiwashe kwa bisibisi kutoka nje. Ila lile tundu la bisibisi nalo litapitisha hewa. Lihesabiwe kama la nne, au nitoboe upya yote?

Dogo Janja 88: Muulize kaka yako, yeye ndiye mzoefu wa kuongeza.