Chipu mpya ya ATmega328P haipokei programu: imekufa, au haina butiloda (programu ndogo ya kupokea programu nyingine)?

Fundi wa Shela: Assalamu alaikum. Nina bodi ya Arduino Uno inayopima maji ya tangi kwenye nyumba ya wageni hapa Shela. Chipu yake iliungua, nikaagiza nyingine Mombasa, ile ya miguu 28, nikaichomeka. Kompyuta inaiona bodi vizuri, lakini nikipakia programu naambiwa bodi haijibu. Nimeuziwa mbovu? Na hiyo butiloda inakaa wapi hasa?

Kijana wa Malindi: Waalaikum salaam, fundi. Usiitupe! Kompyuta inaongea na chipu ya USB, ambayo hukuigusa. Hiyo mpya imetoka kiwandani tupu.

Butiloda ni programu kama yako, ila imewekwa mwisho kabisa wa flashi, yaani kumbukumbu ya chipu. Kwenye Uno ni Optiboot, baiti 512 tu kati ya kilobaiti 32. Ukianza kupakia, kompyuta hugusa riseti (laini ya kuianzisha chipu upya) kupitia kapasita. Chipu ikiamka, fyuzi (mpangilio wa ndani ya chipu, si fyuzi ya umeme) iitwayo BOOTRST huipeleka kwenye butiloda badala ya anwani sifuri. Hapo husikiliza laini ya siriali kama sekunde moja hivi. Ikiitwa, hupokea programu na kuiandika kwa kurasa za baiti 128. Isipoitwa, huirukia programu iliyopo. Yako haina wa kuitika.

Tafuta Uno nyingine, uipakie ArduinoISP, programu inayoifanya iweze kuandika chipu nyingine, kisha iandike butiloda kwenye hiyo chipu.

Dada wa Langoni: Angalia fyuzi pia, kaka. Chipu mpya hutumia saa yake ya ndani (mapigo yanayoiendesha), megahezi 1. Ukishaandika kwa mipangilio ya Uno, itadai mapigo ya kristali ya nje ya megahezi 16, na bila kristali itanyamaza kama maiti. Wengi huzitupa hapo, nami huniuma, maana ni nzima.

Unaweza hata kuacha butiloda na kupakia moja kwa moja kwa nyaya za SPI, lakini kila upakiaji hufuta flashi yote, butiloda ikiwemo. Mie ningeiweka, vipimo vya tangi hubadilishwa mara kwa mara.

Fundi wa Shela: Ahsanteni sana. Uno ya pili naipata kwa jirani. Lazima niing'oe chipu?

Kijana wa Malindi: Hapana, iache palepale, kristali iko hapo. Tumia zile pini sita za ICSP zilizo karibu nayo, ndizo za SPI: 11, 12 na 13 za Uno ya jirani ziende kwenye MOSI, MISO na SCK, 10 iende kwenye riseti, halafu umeme na graundi. Kapasita ya maikrofaradi 10 iweke kati ya riseti na graundi ya Uno ya jirani tu, upande hasi kwenye graundi, na uiweke baada ya kupakia ArduinoISP.