Kusuka najua tayari. Nilipe laki nane za chuo cha urembo?

Mwali_Mbagala: Habarini wakubwa. Nina miaka 20, fomu foo sikupata pointi za kuendelea. Kusuka nasuka tangu darasa la tano: twende kilioni, rasta, yebo yebo. Mama mdogo yuko tayari kunilipia chuo cha binafsi, laki nane kwa miezi sita. Baba anasema, "Kusuka nako kunasomewa?" Nikimaliza kuna kazi kweli?

Fundi_Sinza: Mdogo wangu, baba kapatia nusu. Kusuka hakusomewi, kinachosomewa ni dawa za kulainisha nywele.

Mimi niliingia saluni 2012 bila chuo, nafua taulo na kuosha vichwa. Mwaka wa pili nikampaka dawa dada mmoja aliyefumua rasta jana yake na kujikuna kichwa kizima. Sikumuuliza kama ngozi imechubuka. Dakika ya nne akaanza kupuliza mdomo, ffu, ffu. Nikamwambia vumilia ishike. Siku ya tatu karudi amejifunga kitenge, nyuma ya sikio panatoa maji. Mshahara wangu wa mwezi ule uliishia kwake.

Nilipokwenda kusoma VETA, chuo cha ufundi cha serikali, ndipo nikaambiwa baadhi ya dawa zile zina kostiki, ileile ya kutengenezea sabuni, na ukali wake kwa kipimo cha pH ni 12 hadi 14, wakati ngozi ya kichwa iko kwenye 5 na kitu. Na ile shampuu ya kukatia dawa, inayotoa povu la pinki: povu likiwa bado pinki, dawa imo. Unaosha tena mpaka litoke jeupe. Mwaka mzima nilidhani ni urembo tu wa shampuu!

Kazi zipo, ila mshahara usiuote. Wengi tunakula kamisheni, au unalipia kiti na vifaa unanunua mwenyewe. Januari utapiga miayo. Idi na Desemba hulali. Penye hela ni maharusi: bi harusi mmoja Jumamosi anazidi rasta za wiki nzima, na vidole havikuumi. Wa mkorogo, wanaotaka kujichubua ngozi, nao watakuja. Wakatae, zebaki na haidrokwinoni ni marufuku.

Kabla hela haijatoka, nenda chuoni siku ya kazi, saa nne, bila miadi. Hesabu masinki. Angalia kama wanaosha vichwa vya watu au vya midoli. Uliza mtihani wa mwisho anatunga nani, wao wenyewe au serikali.

Kinyozi_Temeke: Naongezea. VETA wanampima pia fundi aliyejifunzia mtaani na kumpa cheti. Mimi nilikipata hivyo, mashine ya kunyolea nilishaishika miaka tisa. Mwambie mzee, labda atapoa.

Mama_Likoni: Huku Kenya twafanya mtihani wa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi, waanza gredi ya tatu. Mwanangu, kama wataka spa za hoteli, cheti lazima. Nilipoenda Diani kuomba kazi, mikono yangu hakuna aliyeitazama mpaka nilipotoa karatasi.

Mwali_Mbagala: Asanteni sana, dada zangu na kaka. Nimeenda leo. Wanafunzi thelathini na kitu, masinki mawili, moja limejaa maboksi ya wigi. Nilipouliza habari ya mtihani, yule dada wa mapokezi akanipa kipeperushi. Nimemwambia mama mdogo hela aishike kwanza.

Fundi_Sinza: Basi njoo kwangu Jumatatu wakati unatafuta chuo kingine. Taulo zipo.