Gari la kwanza limesimama, la pili je?

MamaMihogo:
Habarini wanajukwaa. Nakaanga mihogo mbele ya shule ya msingi, kando ya barabara kuu, mkoa wa Pwani. Kibao cha 50 kipo. Zebra ipo, ingawa imefutika, ukiwa mgeni huioni. Wapo madereva wanaosimama, na hao ndio wananitia hofu zaidi. Juzi Noah imesimama vizuri kabisa, vitoto vitatu vikaanza kuvuka vimeshikana mikono, mara bodaboda ikachomoka kushoto kwa Noah na abiria wake wa mishikaki. Honi alipiga, breki hakugusa! Wa mwisho akaruka nyuma, kiatu kikabaki kwenye lami.

Trafiki akiwepo na tochi ya kupima mwendo chini ya mwembe, wote malaika, maana wameshapigiana taa huko nyuma. Akiondoka tu, basi.

Sasa vijana wanataka kumwaga kifusi usiku watengeneze tuta lao. Ni sawa?

SukaKosta:
Pole dada. Kifusi hapana. Tuta lisilo na kibao wala rangi, usiku litaua hao hao wa bodaboda. Ila nikiri: hesabu ya bosi inatukimbiza sisi madereva. Ukiwa kwenye 80 gari linakula mita 22 kila sekunde. Mpaka mguu ufike kwenye breki mtoto ameshakufikia. Kwenye 50 ni mita 14, walau una pa kuponea.

Mzee_wa_Kamati:
Mama, kamati ya shule iandike barua, ipitie serikali ya kijiji na kata. Barabara kuu ni ya TANROADS. Ingekuwa ya mtaani mngeenda TARURA. Ombeni rasta (vile vituta vidogo vidogo vya kushtua dereva) kabla ya zebra, tuta, na rangi mpya. Mwambatanishe picha za saa moja kasoro asubuhi, siyo za mchana barabara ikiwa tupu. Dar kuna shule zilitengenezewa hivyo na shirika la Amend, mradi wao wa usalama wa wanafunzi barabarani, SARSAI, ule uliopata tuzo ya miji ya WRI Ross 2019. Kuna mahali hata geti la shule linahamishwa, watoto watokee upande usio na magari mengi.

MamaMihogo:
Asanteni. Vijana nimewaambia watulie kwanza. Geti likihamia nyuma, na karai langu litahamia, kule kuna kivuli hata. Kesho namfuata mwalimu mkuu. Kile kiatu ninacho hapa mezani, cheusi cha plastiki, mguu wa kushoto. Mwenyewe bado hajakifuata.