Tupeane uzoefu: Queen, ile bendi ya rock ya Uingereza, walikukamata kwa wimbo gani, na sifa ni za mwimbaji wao Freddie au za wote wanne?

Kaseti ya Mjomba

Wakuu, salaam. Juzi kwenye daladala kijana mmoja kakaa mbele yangu kavaa fulana ya Freddie Mercury, ile kanyoosha ngumi juu. Nikamuuliza anaupenda wimbo upi. Akaniangalia kama nimemdai nauli. "Hii si nembo ya duka, mzee?" Nilicheka hadi nikapitiliza kituo. Ndiyo sababu ya uzi huu.

Mimi Queen waliniingilia kwa kaseti. Mjomba wangu alikuwa baharia, na mwaka 1983 alirudi Tanga na redio kubwa ya spika mbili, kanga za mama, na kaseti moja tu: Greatest Hits, ile ya 1981. Upande wa pili redio iliutafuna nikiwa darasa la sita. Niliurudisha kwa kuzungusha na kalamu, lakini kuanzia siku hiyo ukawa unalia kama mbuzi anayevutwa kwenda machinjioni. Kwa hiyo kwa miaka mingi Queen kwangu ilikuwa upande A basi, nyimbo nane. Mjomba alikuwa akiapa kwamba huyo anayeimba kazaliwa Unguja, na baraza zima likawa linamwambia aache kupiga watu kamba.

Hoja yangu ni hii: ukimtoa Freddie, wale watatu, Brian May, Roger Taylor na John Deacon, ni bendi ya kawaida ya kupiga kumbi za Uingereza na kurudi nyumbani na basi la usiku. Povu ruksa. Masharti mawili: lete kisa chako mwenyewe, na usitusimulie ile filamu yao ya 2018.

Nyundo ya Chuma

Mkuu, umeanza vizuri ukaharibu mwishoni. Hata huyo Freddie mwenyewe mnamkuza. Rock ni bendi ya Led Zeppelin. Queen ni maigizo yenye magitaa. Nilikaa chumba kimoja chuoni na jamaa aliyekuwa akiwapiga kila alfajiri badala ya saa ya kengele, na mpaka leo nikisikia lile piano la mwanzo tumbo linanikumbusha mtihani. Huo ndio uzoefu wangu. Ngoja nikae pembeni nisome.

Mkaa Shangani

Assalaam aleikum. Miye kazi yangu kutembeza wageni Mji Mkongwe, na huyu bwana kanilishia watoto ingawa muziki wake siuwezi. Miye mtu wa taarab.

Mjomba wako hakupiga kamba. Farrokh Bulsara, ndiye huyo Freddie, kazaliwa hapa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, wazazi wake Waparsi kutoka Gujarati, babake keshia wa serikali ya kikoloni. Akiwa mtoto mdogo akapelekwa skuli ya bweni Panchgani, India, na huko ndiko alikoanza piano na bendi yake ya kwanza. Akarudi, kisha mwaka 1964 baada ya Mapinduzi familia ikahamia Uingereza.

Mtihani wangu ni pale mgeni anapotaka "nyumba ya Freddie". Kila kiongozi ana nyumba yake! Huyu anaonesha mlango huu, yule anaonesha roshani ile, na wote wameapa. Tangu 2019 limefunguliwa jumba la makumbusho yake hapa Shangani, basi nimepumua, nawapeleka hapo namaliza. Lakini msidhani kila mtu hapa anamfurahia. Mwaka 2006 palipangwa sherehe ya kuadhimisha miaka 60 ya kuzaliwa kwake, jumuiya moja ya kidini ikapinga vikali kwa sababu ya maisha yake, ikafutwa. Siku ile nilikuwa na wageni wanne waliosafiri kwa ajili hiyo tu. Niliwapeleka mashamba ya viungo wakaonja karafuu kwa nyuso za msiba.

Mara moja mgeni alinisikilizisha ule wimbo mrefu, Bohemian Rhapsody, kwa simu yake. Nilipofika pale anapoimba "Bismillah" nikamwambia, rudisha nyuma. Akarudisha. Nikamwambia tena. Basi hapo tu ndipo aliponipata.

Solo la Machozi

Ngojeni niwaeleze kuhusu yule mrefu mwenye nywele, Brian May wa gitaa, maana mnamwonea.

Nilipiga gitaa la solo miaka kumi na moja kwenye bendi za hoteli, Arusha na Dar. Wazungu wakishalewa wanaomba Queen. Bosi wetu akasema tujifunze nyimbo tatu. Mbili zikakubali. Ya tatu, kila nikipiga yale mapigo ya Brian May naona hayafanani, sauti yangu kavu, ya kwake inaimba. Nilidhani tatizo ni vifaa vyetu vya bei poa. Nikaanza kufuatilia ndipo nikajua kwamba gitaa lake si la duka. Alilitengeneza yeye na baba yake nyumbani, walianza 1963 akiwa kijana wa shule. Shingo wameichonga kutoka mbao ya zamani ya kuzunguka meko. Springi za pikipiki. Vile vidoti vya shingoni ni vifungo vya nguo kutoka kwenye boksi la kushonea la mama yake, na kile kishikio cha kutikisa nyuzi kimewekwa ncha ya sindano ya kufumia. Jamani, hiyo si ni kazi ya mafundi wa Gerezani, Dar, kabisa? Na lile lile gitaa kalipiga miaka yote hadi uzeeni.

Halafu hapigi kwa kile kidude cha plastiki. Anapigia sarafu, peni sita ya Kiingereza ya zamani. Nami nikasema sishindwi. Nikachukua shilingi. Usiku wa kwanza ilikata nyuzi mbili katikati ya wimbo, ya tatu ikanichapa shavuni, na mpiga kinanda akaendelea kama hakuna kilichotokea. Alama nilikaa nayo wiki nzima nikiwaeleza watu ni paka.

Na hapo sijafika kwa John Deacon, yule wa besi. Huyu alisomea elektroniki. Siku moja aliokota sakiti iliyotupwa kwenye pipa la takataka la ujenzi, akaiunganisha kwenye kiboksi cha spika, ikawa amplifaya ndogo ya betri. May akaichukua, na kwa kakitu kale ka jalalani akawa anarekodi gitaa mara nyingi juu ya nyingine mpaka unasikia kama bendi ya matarumbeta. Kwenye albamu zao za miaka ya sabini waliandika kabisa kwamba hakuna sintesaiza, kile kinanda cha umeme cha kutengeneza sauti, maana watu walikuwa hawaamini. Walianza kuitumia kwenye albamu ya The Game, 1980.

Sasa Kaseti ya Mjomba, unasema wale watatu walibahatika? Mmoja fundi redio, mpiga dramu Taylor alisomea udaktari wa meno akauacha, na May aliacha utafiti wa fizikia ya nyota akaja kuumaliza 2007 na kuwa daktari kweli. Bendi ya kumbi za kawaida ndiyo tuliyokuwa sisi.

Nyundo ya Chuma

Hiyo ya paka nimeipenda. Bado Zeppelin.

Soprano wa Nakuru

Hamjambo wadau. Nimecheka peke yangu ofisini.

Mimi niliwajua kwa kwaya. Nikiwa kidato cha pili, mwalimu wetu wa muziki alichoka na nyimbo za tamasha, akasema siku ya wazazi tutaimba ile sehemu ya katikati ya Bohemian Rhapsody, ile ya sauti nyingi. Akatugawa: soprano, alto, teno, besi. Tulifanya mazoezi wiki tatu. Baadaye nilisoma kwamba hata wao wenyewe walichukua kama wiki tatu kuirekodi hiyo sehemu, wakirudia juu ya mkanda ule ule hadi Brian May anasema ulikuwa umekwisha kiasi cha kupitisha mwanga. Sisi tuliokwisha ni koo.

Kuna noti moja huko juu kabisa, kwa "Galileo". Mimi nikiwa soprano ilinitoa machozi. Mwalimu akasema, "Huyo unayeshindana naye ni mwanamume." Nikadhani ni Freddie. Kumbe ni Roger Taylor, mpiga dramu! Zile sauti zote, ukisikia kama watu mia, ni watatu: Taylor juu, Freddie katikati, May chini. Deacon hakuimba. Nilikataa kuamini mpaka nikaona wakieleza wenyewe.

Kwa hiyo mkisema Freddie peke yake, mimi siwezi kukubali, niliumizwa na mtu mwingine kabisa.

Na hatukuimba mwishowe. Naibu wa mwalimu mkuu alipita nje ya ukumbi akasikia "Beelzebub", akaingia, akauliza hiyo ni nini. Siku ya wazazi tuliimba wimbo wa kuhifadhi mazingira.

Mtoto wa Mazimbu

Mimi nitaleta kisa kisichochekesha, mnisamehe.

Nimekulia Morogoro. Baba alikuwa seremala, akapata kazi Mazimbu, kwenye shule ya ANC, ile ya Solomon Mahlangu. Tuliishi karibu na vijana wa Afrika Kusini waliokimbia baada ya Soweto. Mmoja alinipenda kama mdogo wake, akanifundisha kodi za gitaa na kunirekodia kanda. Queen nilizipata kwake. Mwaka 1984 tulikuwa tunapiga makofi ya ule wimbo wao wa redio, Radio Ga Ga, mikono juu, mara mbili, tukiwa kwenye foleni ya chakula.

Mwezi Oktoba mwaka huo huo Queen wakaenda kupiga Sun City, kule Bophuthatswana, lile taifa bandia la makaburu, wakati wanamuziki duniani walikuwa wameambiwa wasiende. Habari zilipofika, yule kaka alikuja nyumbani jioni, akaomba kanda yake. Hakufoka. Alisema, "Wamekwenda kuwaimbia waliotufukuza kwetu." Akaondoka nayo. Nilikuwa na miaka kumi na mbili, nikamkasirikia yeye.

Najua walivyojitetea: kwamba wao si wanasiasa, na kwamba waliimbia watu wa rangi zote. Najua pia chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza faini na Umoja wa Mataifa ukawaingiza kwenye orodha ya waliovunja mgomo. Miezi tisa baadaye, tarehe 13 Julai 1985, wanasimama uwanja wa Wembley, London, kwenye tamasha la Live Aid kuchangia njaa ya Ethiopia, dakika kama ishirini tu, na dunia nzima inasema hakuna aliyewafikia siku ile. Nimeiangalia ile video mara nyingi. Ni kweli, hakuna aliyewafikia. Na kila nikiiangalia namkumbuka yule kaka na kanda yake.

Mnapogawa sifa kwa wanne, na hili wagawieni wanne. Hakuna aliyebaki nyumbani.

Solo la Machozi

Mkuu, hapa nimeishiwa. Hotelini tuliwahi kupiga nyimbo zao mbele ya wageni wa Afrika Kusini, mzee mmoja Mwafrika akasimama akatoka nje. Nilidhani ni sauti kubwa.

Mbeba Mizigo

Salaam kutoka London magharibi. Nafanya kazi Heathrow, kupakia mizigo, zamu ya usiku. Wiki ya kwanza Mhindi mmoja mzee aliponiuliza natoka wapi, nikasema Zanzibar. Akasema, "Kama Freddie. Naye alibeba mizigo hapa." Nikajua ananitania mgeni. Kumbe kweli, akiwa mwanafunzi alifanya vibarua hapa uwanjani. Nyumba yao ya kwanza ilikuwa Feltham, dakika chache kwa basi, ina kibao cha buluu cha kumbukumbu ukutani tangu 2016. Ni kanyumba ka kawaida tu. Siku ya baridi kali nikitoka zamu huwa napita hapo makusudi. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa anasomea uchoraji chuo cha Ealing. Ile nembo ya bendi, yenye simba wawili, kaa na vimalaika, kaichora yeye: ni nyota za kuzaliwa za wote wanne. Kaiweka na ya mpiga besi ambaye alikuja wa mwisho, 1971.

Kaseti ya Mjomba

Wakuu, nimesoma yote. Mtoto wa Mazimbu, pole, na asante. Nimempigia mjomba, sasa ana miaka themanini, nikamwuliza kama alijua habari za Sun City. Akasema mabaharia walijua, na kwamba kaseti aliinunua kabla. Akanyamaza kidogo, akaulizia bei ya nazi.

Kisha nimefanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya miaka arobaini iliyopita. Nimetoa kile kikaratasi cha ndani ya kaseti, nimevaa miwani, nimesoma majina ya watunzi. Upande A, nyimbo nane: Freddie nne, May mbili, Deacon mbili. Zile mbili za Deacon ndizo nilizokuwa nazipigia kelele kuliko zote. Ule wa besi inayotembea, Another One Bites the Dust, uliokuja kushika namba moja Marekani mwaka 1980, siku zote nimeuhesabu kuwa ushahidi wa Freddie.

Nyundo ya Chuma

Na aliyeimba zote nane ni nani? Umejishinda mwenyewe, kaka. Mtunzi bila sauti ni barua tu.

Solo la Machozi

Saba na nusu. Ule wa nne, Fat Bottomed Girls, kwenye kiitikio anayeongoza ni May. Kaseti ya Mjomba, weka usikilize.

Kaseti ya Mjomba

Nimeweka. Imekwama. Natafuta kalamu.